Taa Gani Ikumbuke, Taa Gani Isahau

Kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni, fundi yeyote wa stima anayehudumia vyumba vya pampu analijua lalamiko hili. Alfajiri matangi ya juu yamekauka, wageni wa hoteli hawana maji ya kuoga, na mwenye mali anapiga simu kwa hasira. Fundi akifika anakuta mambo shwari: pampu inazunguka, taa ya kijani inawaka, nyekundu zote zimezimika. Usiku pampu ilisimama, pengine mara moja, pengine mara ishirini, kisha ikajirudisha yenyewe. Taa ya hitilafu iliwaka kwa muda huo mbele ya chumba kitupu, ikazimika. Fundi hana pa kuanzia. Anakagua nyaya, anakaza skrubu, anatoza ada yake na kuondoka, na baada ya siku tatu simu inalia tena.

Wanaojifunza kupanga programu kwa michoro, yaani kwa kuunganisha vijisanduku na nyaya kwenye skrini badala ya kuandika mistari ya amri, hukutana na swali hili mapema: taa ikishawaka, nifanyeje ibaki imewaka hata kilichoiwasha kikiisha? Walimu wengi hulijibu kwa dakika mbili na kusonga mbele. Mimi naona linastahili zaidi ya hapo, hasa huku kusini mwa pwani ya Kenya ambako stima hukatika, hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya, na pampu nyingi hufanya kazi usiku bila mtu wa kuziangalia. Msimamo wangu ni huu: taa inayotangaza tukio lazima ishikilie mpaka mtu aione na kuifuta kwa mkono wake. Taa inayotangaza hali isishikilie hata sekunde moja, na ichukue habari zake kwenye kitu chenyewe, si kwenye amri kilichopewa. Hitilafu nyingi za paneli ninazozijua zinatokana na kuchanganya taa hizi mbili.

Kwanza tuone kwa nini taa husahau. Katika LabVIEW, iliyotolewa mwaka 1986 na kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas, kwa ubunifu wa Jeff Kodosky na wenzake, mtumiaji hupanga paneli yenye vitufe na taa, kisha nyuma yake huchora nyaya. Thamani husafiri kwenye waya, na kila kisanduku hufanya kazi pindi thamani zote kinazozihitaji zinapokifikia. Waya wenyewe hauna kumbukumbu. Taa ikiwa ndani ya kitanzi kinachozunguka mara kumi kwa sekunde, basi mara kumi kwa sekunde huulizwa upya kama sasa hivi kuna hitilafu. Jibu likiwa hapana, taa huzimika, hata kama mzunguko mmoja nyuma jibu lilikuwa ndiyo.

Mchoro wa ngazi, unaotumika kwenye PLC, zile kompyuta ndogo sugu za viwandani, una asili tofauti lakini tabia ileile. Ulibuniwa ufanane na michoro ya rilei, yaani swichi za sumaku, ili mafundi waliokuwepo wausome bila kurudi darasani. Dick Morley na wenzake walitengeneza PLC yao ya kwanza, Modicon 084, huko Massachusetts mwishoni mwa miaka ya 1960, na General Motors ikawa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Mwaka 1993 kikatoka kiwango cha kimataifa cha lugha za kupangia PLC, ambacho leo kinajulikana kama IEC 61131-3. PLC husoma vihisi na vitufe vyote, hupitia vidato vya ngazi kutoka juu hadi chini, huandika matokeo kwenye taa na kontakta (swichi kubwa ya sumaku inayowasha mota), kisha huanza tena. Mzunguko mzima mara nyingi huisha kwa milisekunde chache, na koili ya kawaida, yaani tokeo la mwisho wa kidato, huandikwa upya kila mzunguko. Haina jana.

Mtoto aliyeanza na micro:bit, ile bodi ndogo ya kujifunzia programu, atashangaa, maana kule mambo ni kinyume: nukta ya mwanga ukishaiwasha hubaki mpaka uiamuru izimike. Kule programu husubiri tukio na kutoa amri, na skrini hutunza amri ya mwisho. Kwenye kitanzi cha LabVIEW na kwenye PLC, programu hukokotoa kila kitu upya kila mara. Mwanafunzi asipoelezwa tofauti hiyo atahangaika na taa yake wiki nzima akidhani kifaa ni kibovu.

Tukitazame kisima chenyewe kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Ufukwe wa Diani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji matamu yako juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, na kisima kikivutwa kwa nguvu kupita kiasi, hasa kiangazi, chumvi hupanda. Kwenye kisima kirefu cha namna hii fundi hutumbukiza kihisi cha kiwango cha maji. Maji yakishuka chini ya kihisi, pampu huzimwa ili isizunguke kavu na kuungua. Baada ya muda kisima hujikusanya, maji hufunika kihisi, pampu huwaka tena. Mpango huo ni mzuri na pampu inalindwa. Lakini pampu inayosimama mara kumi na tano kwa usiku mmoja inasema jambo zito: kisima kinavutwa kuliko kinavyojaa, na chumvi iko njiani. Taa iliyowaka mara kumi na tano na kuzimika mara kumi na tano imelificha jambo hilo. Mwenye hoteli atagundua baada ya miezi, chai ikibadilika ladha na mabomba yakianza kuoza.

Ndiyo maana nashauri taa ya kukauka kwa kisima ishikilie, na kando yake kiwekwe kihesabu. Taa husema lilitokea. Kihesabu husema lilitokea mara ngapi. Kwenye mchoro wa ngazi kihesabu ni kisanduku kimoja tu, hakiongezi gharama yoyote kwenye PLC iliyokwisha kununuliwa, na bado ni nadra kukikuta.

Sasa, inashikiliwaje? Njia kongwe haihitaji hata kompyuta. Kitufe cha kuwashia pampu hurudi ukikiachia, lakini pampu haizimiki, kwa sababu kontakta ikivuta hufunga kiungo chake kidogo cha pembeni kilichounganishwa sambamba na kitufe hicho, na kuanzia hapo hujilisha yenyewe. Kitufe cha kuzimia, kilichopo kwenye njia hiyohiyo, hukata lishe na kontakta huachia. Mwaka 1918 Waingereza William Eccles na Frank Jordan walifanya kazi ya ukoo huo kwa vali mbili za kielektroniki zilizozuiana, na sakiti yao ikawa mzazi wa kumbukumbu za kidijitali. Kila taa inayoshikilia leo, iwe kwenye skrini ya simu au mlangoni mwa paneli ya chuma, inafuata kanuni moja: matokeo yanarudishwa kuwa pembejeo.

Kwa maneno ya mantiki kanuni hiyo ni fupi. Taa iwake kama kuna hitilafu AU ilikuwa imewaka mzunguko uliopita, NA kitufe cha kufuta hakijabonyezwa. Katika LabVIEW "mzunguko uliopita" hupatikana kwa rejista ya shifti: vishale viwili kwenye kuta za kitanzi, ambapo kinachoingia kulia mwisho wa mzunguko hutokea kushoto mwanzo wa mzunguko unaofuata. Unachukua thamani ya kushoto, unaipitisha kwenye AU pamoja na hitilafu, matokeo unayapitisha kwenye NA pamoja na kinyume cha kitufe, halafu unayapeleka kwenye taa na kwenye kishale cha kulia. Vijisanduku vitatu na nyaya chache, basi.

Hapa kuna mitego miwili. Rejista ya shifti isipopewa thamani ya mwanzo hubeba thamani ya safari iliyopita ya programu maadamu programu ingali kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Taa inaweza kuwaka unapoianzisha programu leo kwa sababu ya hitilafu ya jana, na ukiizima kompyuta kabisa habari hiyo hupotea. Wapo wanaoitumia tabia hiyo kwa makusudi, na wanajua wanachofanya. Anayejifunza na aunganishe thamani ya mwanzo kila mara. Mtego wa pili ni kutumia nakala za thamani ya taa zilizotawanywa sehemu mbalimbali za mchoro, moja ikiiwasha, nyingine ikiizima. Mchoro huo utaonekana unafanya kazi mezani. Siku sehemu mbili zitakapoandika kwa wakati mmoja, itakayochelewa ndiyo itakayoshinda, na hakuna ajuaye itakuwa ipi. Taa moja iandikwe mahali pamoja tu. Sheria hiyo inafaa pia kwenye PLC, ambako koili moja ikionekana kwenye vidato viwili, kidato cha chini hufuta kazi ya kidato cha juu.

Vitufe vya LabVIEW navyo vina mipangilio sita, na mitatu kati yake hukirudisha kitufe mahali pake baada ya programu kukisoma. Mipangilio hiyo ni ya kitufe cha kufuta, maana inahakikisha hakuna mbonyezo unaopotea kabla haujasomwa. Haina uhusiano na kuifanya taa ishikilie, ingawa wengi huihangaikia kwa nia hiyo.

Swali linaloachwa mara nyingi ni hili: hitilafu ikiwa bado ipo na mtu akabonyeza kitufe cha kufuta, nani ashinde? Kiwango cha IEC 61131-3 kina visanduku viwili tofauti kwa sababu hii hasa. Kimoja, SR, hutoa ushindi kwa kuwasha. Kingine, RS, hutoa ushindi kwa kufuta. Kwa taa ya hitilafu nasema kuwasha kushinde. Hitilafu ipo, taa iwake, hata mtu abonyeze hadi kidole kiume. Kwa pampu yenyewe kuzima kushinde, bila mjadala, kwa kuwa uhai wa mtu unaweza kutegemea kitufe hicho. Kanuni niliyoieleza juu kwa LabVIEW, yenye NA mwishoni, inampa ushindi anayefuta. Kwa taa ya hitilafu ibadilishwe mpangilio: kumbukumbu ipite kwenye NA na kinyume cha kitufe kwanza, ndipo hitilafu iingizwe kwa AU mwisho. Vijisanduku ni vilevile na nyaya ni zilezile kwa idadi, lakini tabia ni nyingine kabisa.

Huku pwani kuna sababu ya ziada. Vitufe vya paneli zilizo karibu na bahari hushika kutu na kukwama. Kitufe cha kufuta kilichokwama ndani kitaifuta kila hitilafu inayokuja kabla mtu hajaiona, na paneli itaonekana na afya tele. Dawa yake ni kuifanya programu isome mwanzo wa mbonyezo, pale kitufe kinapotoka kwenye kuachiwa kwenda kwenye kubonyezwa, wala si kitufe kilichoshikiliwa. Kwenye PLC kisanduku cha kazi hiyo huitwa R_TRIG. Chumvi hiyohiyo husababisha viungo vya swichi ya boya kutetemeka, maji ya tangi yakichezacheza, na taa ikashika hitilafu ambayo haikuwepo. Hapo kisanduku cha kuchelewesha, cha sekunde mbili au tatu, huchuja mtetemo kabla haujafika kwenye kumbukumbu. Nani afute nini, na baada ya muda gani, ni maamuzi ya mtu aliyewahi kukaa na kisima hicho. Programu haiwezi kumwamulia.

Tuje kwenye stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na sehemu nyingi zilikaa saa nyingi bila umeme. Mwaka huohuo giza la kitaifa lilirudi tena mwezi Novemba na Desemba. Hayo ndiyo yaliyoandikwa magazetini. Yasiyoandikwa ni yale ya kila wiki huko Ukunda, Gazi na Shimoni, ya dakika kumi au ya sekunde tatu. Kwa hoteli yenye jenereta, stima ikipotea, paneli hukaa bila umeme mpaka jenereta ishike, na PLC isiyo na betri huanza upya. Kumbukumbu ya kawaida hufutika hapo. Na hebu tazama ubaya wake: stima inayokatika mara nyingi hutanguliwa na volti kushuka, na volti ikishuka ndipo mota huvuta mkondo mkubwa na kupata moto. Hitilafu iliyohitaji kukumbukwa kuliko zote ndiyo inayofutwa.

PLC nyingi zina sehemu ya kumbukumbu inayopona stima ikikatika, na lugha za kiwango hutumia neno RETAIN kuiteua. Hitilafu ziwekwe huko. Lakini, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, amri ya kuendesha pampu isiwekwe huko bila kufikiria. Kontakta inayojilisha yenyewe ina fadhila kubwa: stima ikikatika inaachia, na stima ikirudi haiwaki mpaka mtu abonyeze. Fundi aliyechukua nafasi ya giza kufungua kifuniko cha pampu yuko salama kiasi, ingawa alipaswa kufunga swichi kuu kwa kufuli. Ukibadilisha mpango huo kwa koili ya kushikilia iliyo kwenye kumbukumbu inayopona, pampu itawaka yenyewe stima ikirudi, mikono ya mtu ikiwa ndani. Mahali ambapo maji lazima yajirudishe yenyewe, kwa mfano kisima cha kijiji au cha zahanati, iwekwe kengele na ucheleweshaji kabla pampu haijaanza, na bango lililoandikwa wazi mlangoni. Hivyo basi, kumbukumbu ya kosa ipone. Kumbukumbu ya amri ife pamoja na stima, isipokuwa pale ambapo mtu ameamua vinginevyo na kuandika sababu.

Kifaa chenye kumbukumbu rahisi kuliko zote kimo ndani ya karibu kila paneli ya pampu, nacho ni ovalodi iliyo chini ya kontakta. Ndani yake kuna vibati vya metali mbili vinavyopinda vikipata joto. Mbele ina kigeuzi kidogo chenye herufi A kwa kujirudisha yenyewe, na H au M kwa kurudishwa kwa mkono. Ikiwa kwenye mkono, hubaki imekatika hata stima iondoke mwezi mzima, kwa kuwa kumbukumbu yake ni ya chuma. Nimekuta nyingi zimegeuzwa kuwa A ili mwenye mali asipige simu usiku. Mota inayopata moto, ikapoa, ikawashwa, ikapata moto tena, haitakaa muda mrefu kabla nyaya zake za ndani hazijaungua. Simu iliyoepukwa usiku huo italipwa kwa bei ya mota mpya.

Nageukia taa zisizopaswa kushikilia. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka na kukataa kufunga. Kwenye chumba cha udhibiti kulikuwa na taa ya vali hiyo. Taa ilizimika. Waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefunga. Kumbe taa ilionyesha tu kwamba umeme wa kuifungua vali umeondolewa, yaani amri ya kufunga imetolewa. Maji ya kupoza yaliendelea kumwagika kwa zaidi ya saa mbili kabla mtu hajafunga vali ya pili iliyokuwa kwenye njia hiyo. Sehemu ya moyo wa kinu iliyeyuka. Ajali ile ilikuwa na sababu kadhaa, lakini taa iliyosema amri badala ya ukweli ni mojawapo, na wahandisi wa dunia nzima wameifundisha tangu hapo.

Taa ya kijani iliyoandikwa "pampu inafanya kazi" kwenye vyumba vingi vya pampu imeunganishwa vivyo hivyo. Imechukuliwa kwenye tokeo lilelile la PLC linaloamuru kontakta. Kontakta ikishindwa kuvuta, taa ya kijani inawaka. Fyuzi ikikatika, inawaka. Shafti ikivunjika na mota ikazunguka bure, inawaka. Afadhali ichukuliwe kwenye kiungo cha pembeni cha kontakta. Bora zaidi ichukuliwe kwenye kihisi cha mtiririko kilichofungwa kwenye bomba, kwa sababu mgeni aliye bafuni hahitaji kontakta, anahitaji maji. Na kati ya amri na ukweli ipo taa ya tatu yenye thamani: pampu imeamriwa, sekunde kumi zimepita, maji hayajatembea. Hilo ni tukio, si hali. Hiyo ndiyo ishikilie, na iwe nyekundu.

Je, si tushikilie kila kitu basi, tuwe salama? Hapana. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, kililipuka. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulionyesha kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walitakiwa kushughulikia ving'ora na taa za tahadhari 275. Hakuna binadamu anayeweza. Paneli yenye taa arobaini, zote nyekundu na zote zimeshikilia, haimwambii mtu chochote zaidi ya kwamba kuna shida, jambo ambalo matangi makavu yamekwisha kumwambia.

Waliotangulia walilifikiria hili kabla ya programu za michoro kuenea. Kiwango cha Marekani ISA-18.1 cha mwaka 1979 kiliorodhesha mifuatano ya taa za tahadhari, na hadi leo sijaona mpango wa kuipita kwa paneli ndogo. Hitilafu ikitokea, taa humetameta na king'ora hulia. Hata ikiwa ilikuwa ya kupita, taa huendelea kumetameta mpaka mtu akiri ameiona. Akibonyeza kitufe cha kukiri, king'ora hunyamaza na taa hutulia, haimetameti tena, lakini haizimiki ikiwa hitilafu ingalipo. Kutoka hapo njia hugawanyika: upo mfuatano ambao taa hujizima hali ikitengemaa, na upo unaodai kubonyeza mara ya pili ili kufuta. Upo pia unaoitambulisha hitilafu ya kwanza kati ya nyingi zilizofuatana. Huo wa mwisho ni hazina kwa fundi. Volti ikishuka, ovalodi hukatika, kisha mtiririko hukoma, kisha tangi hukauka: taa nne, chanzo kimoja. Ikijulikana ipi iliyotangulia, nusu ya kazi imekwisha. Kwenye mchoro wa ngazi inatosha kila hitilafu iruhusiwe kushika nafasi ya "ya kwanza" pale tu ambapo nafasi hiyo ingali wazi.

Kwale, nyumbani kwa Diani na Msambweni, ina historia ya kutosha katika mambo haya. Pampu ya mkono ya Afridev, inayotumika leo katika nchi nyingi za Afrika, ilijaribiwa na kuboreshwa katika wilaya hii miaka ya 1980. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu za Kwale, takriban 300, vinavyohisi mwendo wa mkono na kutuma habari kwa mtandao wa simu, na mafundi wa FundiFix, huduma ya matengenezo ya pampu, wakawa wanajua pampu ipi imelala. Huko Kyuso, Kitui, walikoanzia, muda wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi takriban 3.

Pampu ya mkono haina taa yoyote, lakini tatizo la kushikilia hali limo humo kwa ukamilifu. Kifaa kikinyamaza, maana yake nini? Pengine pampu imeharibika. Pengine mvua za masika zimejaa na watu wanakinga maji ya paa. Pengine betri imekufa. Mfumo unaochukulia kimya kuwa salama utawaacha watu wa Lungalunga bila maji huku skrini ikiwa ya kijani. Kwenye programu za michoro suluhisho lake linajulikana: kifaa kitume ishara ya uhai kila baada ya muda maalumu, na ishara hiyo ikikosekana kwa muda uliowekwa, taa iwake na ishikilie. Tena hali ya "pampu mbovu" isifutwe na mkono uliotikiswa mara mbili na mtoto anayecheza. Ifutwe na fundi aliyefika, akatengeneza, akaona maji.

Ujuzi wa haya yote upo hapa kwetu. Mgodi wa Base Titanium ulioanza uzalishaji mwishoni mwa 2013 na kukoma Desemba 2024 ulikuwa mahali ambapo vijana wa Kwale walifanya kazi kando ya mitambo inayoendeshwa kutoka chumba cha udhibiti. Kazi zile zimekwisha. Visima havijaisha, wala hoteli, wala vyumba vya baridi vya samaki huko Shimoni. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kuufanya mchoro wa ngazi kuwa somo la lazima kwa kila fundi wa stima, na zana zisiwe kisingizio. OpenPLC ni ya bure na hukimbia hata kwenye bodi za bei nafuu kama Arduino. CODESYS inapakuliwa bila malipo na ina kiigizo ndani yake. LabVIEW ina toleo la bure kwa wasiofanya biashara tangu 2020. Zoezi la kwanza liwe taa moja, kitufe kimoja, na swali la nani ashinde.

Kwa mafundi, ombi langu ni karatasi moja ndani ya mlango wa kila paneli mnayofunga. Mbele ya kila taa yaandikwe mambo matatu: kinachoiwasha, anayeifuta, na kinachotokea stima ikikatika. Fundi asiyeweza kuijaza karatasi hiyo hajamaliza kuchora programu yake.

Na wewe mwenye kisima, kabla ya kulipa awamu ya mwisho, simama mbele ya paneli pamoja na fundi wako. Mwambie asababishe hitilafu ya maji kukauka kwa kuinua kihisi. Taa iwake. Akishushe kihisi; taa ibaki. Sasa zima swichi kuu, subiri dakika moja, washa. Ikiwa taa nyekundu ingali inawaka na pampu haijaanza bila onyo, mlipe. Ikiwa sivyo, mwambie afungue kompyuta yake tena, kazi bado.